Isale Langoni

Mwika

Kwako mwanangu Davis,

Ng'ombe amezaa dume. Dada yako Hellen ananilisha mtori kwa kijiko kama mtoto. Daktari anasema moyo wangu umechoka, kwa hiyo nasema sasa.

Acha kumlaumu dereva wako Fabian. Ni mimi niliyefunga majani ya isale langoni lori lako la kubeba samadi lisipite. Alipoyaona alizima injini. "Shikamoo bibi. Hapo sivuki, hata bosi anipe lori lenyewe." Wewe ukamfukuza kazi, ukamwita mshirikina. Nawe ni mtoto wa Mchagga! Isale ni la kuomba suluhu. Nilikuwa nakuomba wewe.

Ulinieleza kwamba makapi ya kahawa, majani ya migomba na samadi vinakuwa mkaa kiwandani kwako Njoro, na msitu unapona. Nimefundisha sayansi, nilikuelewa. Lakini uliviita taka. Kihambani, shambani petu pa migomba, hakujawahi kuwa na taka, Davis! Hicho ni chakula cha udongo. Takataka zimejaa mitaani mjini, kachome hizo. Unamnyang'anya mama yako samadi, unaita uchumi wa mzunguko, na hata majivu huturudishii. Migomba ya baba yako inaanguka na mikungu michanga.

Mrudishe Fabian kazini.

Nikifa, usiwaachie vijana wa ukoo. Chimba kaburi langu mwenyewe, kando ya baba yako. Jembe likigonga udongo mgumu kama sakafu, utajua ulichokuwa unapakia kwenye lile lori.

Mama yako,
Eunike