Mwali Wetu Amezaa

Nambambo, Julai 1955

Mpendwa Baba Somoe,

Mwali amezaa salama. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Amezaa asubuhi, jua likianza kupiga ukuta wa jiko. Mtoto ni jike, miguu mirefu mno kwa mwili wake, na alisimama kabla sijamaliza kunawa mikono. Mwenzangu, leo nimepumua.

Unamkumbuka punda wetu wa kwanza. Tulimpeleka kwa dume mara tu alipoanza kumtaka, kama tunavyofanya na mbuzi hapa kwetu. Nyonga zake zilikuwa bado nyembamba. Mtoto alikwama, wakafa wote wawili. Ulichuchumaa zizini umemshika sikio, ukasema neno moja tu: "Tulimharakisha."

Basi ulipomleta huyu kutoka Marambo, wakati matrekta ya mradi wa karanga yameshafyeka pori na mbung'o wamepungua, ulimwita Mwali kwa kuwa alikataa kutoka nje. Kila baada ya mavuno ulinipa kamba niishike, ukapaka pumba kidoleni, ukaniambia, "Mwambie acheke tuone." Akilamba pumba alikunja mdomo wa juu, nawe ukachungulia meno ya mbele. Ulinionyesha kuwa ya katikati hubadilika kwanza, ya pembeni mwisho. "Ya pembeni yakiwa bado ya utoto, dume asimsogelee."

Ukaondoka kabla hayajabadilika.

Baada ya arobaini yako, mdogo wako Issa alikuja na kamba. Alisema rafiki yake wa Ruangwa ana dume zuri.

"Shemeji, huyu mwali wenu mtamfungia mpaka azeeke? Mbuzi akitaka beberu si tunampa?"

"Mbuzi habebi ufuta mpaka Nachingwea, shemeji."

"Kaka hayupo. Nani atamkagua meno? Wewe?"

"Mimi."

Alicheka sana, lakini kamba akairudisha begani. Kisimani nako wanawake wenzangu hawakuniacha. "Mama Somoe, mbona posa ya punda wako haifiki?" Nilicheka nao, nikajitwisha ndoo yangu. Ila niliogopa, Baba Somoe. Huyu mnyama ndiye miguu yetu. Akifa, ufuta unabaki shambani, na mimi na Somoe tunarudi kwa kaka zangu. Nilikuwa na maneno yako tu na kidole chenye pumba.

Mavuno yaliyofuata nilimtazama: jino la pembeni upande mmoja limebadilika, la pili bado. Nikangoja tena. Siku nilipoyaona yote mapya, makubwa, yamekaa sawa, nilimwita Issa mwenyewe.

"Shemeji, lete kamba yako."

Tulimtembeza hadi Ruangwa, na njia nzima Issa akiniuliza mbona bibi harusi hajafungwa kanga mpya. Karibu mwaka mzima tangu siku ile, kila Mwali alipolala chini nilikimbilia zizini kumtazama. Leo asubuhi alilala, akajikaza, mtoto akatoka bila mkono wa mtu. Nilikaa palepale kwenye majani makavu nikalia, kisha nikajikuta nacheka.

Issa alikuja kuchungulia. "Haya shemeji, na huyu tumpeleke lini?"

"Meno yenyewe hajaota!"

Hata Somoe alicheka, na tangu utuache sijamsikia akicheka vile.

Jioni hii nimepaka pumba kidoleni, Mwali amelamba akakunja mdomo kama zamani. Nimegeuka nikuambie utazame. Hukuwepo, lakini safari hii sikuumia sana. Ulilotaka limetimia, na nyumba yako bado imesimama.

Pumzika sasa, usimfikirie tena. Na huko uliko, nami unikumbuke.

Mkeo,
Mama Somoe