Jedwali Lililojaa Sifuri

4 Mei

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini mkono wa kulia umeanza kukusikiliza na mazoezi huyakwepi. Mimi mzima, na ufundi wa kompyuta hapa shuleni unaendelea. Ningepiga simu, ila najua tangu upate kiharusi ulimi unakuchosha, na unachukia watu wakikwambia "rudia".

Baba, programu yako imekufa. Ile uliyoiandikia shule hii ya wasioona kabla sijazaliwa, inayoendesha mashine ya kuchapa vitabu vya nukta nundu. Diski ilianza kukwaruza. Nimeinakili yote kwenye nyingine, lakini programu ikianzishwa tu, kompyuta inaganda. Mwalimu mkuu anataka vyote vitupwe. Mashine haielewani na kompyuta mpya, mtihani unakaribia, na darasa la mwisho halina kitabu cha hesabu. Nimemwomba anipe muda. Karatasi ulizoandikia programu bado unazo?

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mkono bado unanigomea. Naandika kwa kushoto, usicheke mwandiko. Karatasi zililiwa na mchwa. Itupe tu. Mimi mwenyewe nimeshawekwa kando, sembuse programu.

Baba yako

16 Mei

Baba,

Shikamoo. Unakula lakini? Shangazi anasema unarudisha sahani nusu.

Siitupi. Mtu aliyenizuia kuinuka mezani hadi nimalize hesabu asiniambie leo nitupe. Nimeichungulia faili. Mistari ya kwanza kabisa ni mizima, programu yenyewe nzima, ila kati ya hivyo viwili kuna sehemu yote sifuri tupu. Ni nini hiyo? Sitaki pole, nataka jibu.

Mwanao, mbishi kama aliyemzaa

23 Mei

Mama, binti yangu,

Marahaba. Nakula. Shangazi yako anapakua kama anayelisha kikosi.

Penye hizo sifuri palikuwa na jedwali, limefutika diski ilipokwaruza. Sikiliza. Nilipoiandika programu sikujua mfumo wa kompyuta utaiweka wapi kwenye kumbukumbu, maana inategemea nini kimetangulia humo. Kwa hiyo kila mara programu inapoita kipande chake cha mbali, anwani imeandikwa kana kwamba mwanzo ni sifuri. Jedwali linataja sehemu zote zenye anwani za namna hiyo. Mfumo ukishaipakia programu penye nafasi, unazipitia moja moja na kuongeza anwani ya pale ilipokaa, ndipo unaiachia ikimbie. Bila jedwali, programu inaita na kuangukia kwenye kumbukumbu za mfumo wenyewe. Lazima igande.

Lijenge upya. Tafuta alama 9A, ndiyo wito wa mbali. Inafuatwa na namba mbili. Ya pili ndiyo ya kurekebishwa, mahali pake paandike kwenye jedwali. Usisahau ile amri ya mwanzo inayotaja fungu la data, nayo ina anwani ya namna hiyo. Ni kazi ya macho na makalio. Kaa.

Baba yako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Imewaka! Mashine imenguruma mpaka mpishi akaja kuchungulia. Nikampa msichana mmoja wa darasa la mwisho ukurasa wa kwanza. Akapitisha vidole, akakunja uso: "Dada fundi, hii lugha gani?" Penye k na l panatoka nukta ambazo si herufi yoyote. Nimekosea wapi? Nijibu upesi.

Mwanao

9 Juni

Baba,

Shikamoo, na pole sana. Nilikuwa naona kimya tu, kumbe umelazwa tena. Nilishashika begi nije. Shangazi akasema ulipolisikia hilo ulitikisa kichwa, ukamwandikia neno moja: "Amalize."

Nimemaliza. Nilirudia jedwali langu lote, kila mahali nikijiuliza kama ni amri kweli. Kumbe 9A moja haikuwa wito. Ilikuwa data tu, nukta za herufi ya jirani, na mfumo ulikuwa unaongeza anwani juu ya nukta za k na l. Nikaitoa. Msichana yule akasoma ukurasa mzima kwa sauti, wenzake wakimsukuma wapate nafasi ya kugusa. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni, akaniuliza kama karatasi zitatosha. Vitabu vinachapwa ninavyoandika. Barua hii anakuletea dereva wa shule, mimi napanda basi keshokutwa.

Mwanao

Hospitali, 10 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii nampa dereva wa shule aliyeniletea yako, huenda akukute hujaondoka. Daktari anasema nitatoka Jumatatu.

Hiyo data hata mimi nisingeikumbuka. Umeiona mwenyewe.

Sasa usije mikono mitupu. Niletee nakala ya faili na kibodi yoyote, hata kuukuu. Shule haiwezi kuendelea kutegemea kompyuta moja mbovu. Nataka niiandike upya, iendeshwe na hizi za siku hizi, nawe utakaa pembeni unisahihishe. Mtaalamu wa mazoezi kanipa mpira niwe naufinya. Nimemrudishia. Nimemwambia mwanangu analeta kitu cha maana cha kufanyia mazoezi.

Baba yako