Shemeji Anataka Kuongoza Msafara kwa Ducati ya Marehemu

Mpendwa Mama Seline, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi tarehe 14, maana siku hiyo inakaribia na sijui nitaivuka vipi.

Mimi ni mjane mwenye mtoto mmoja, Janice, na ninaishi Kapseret kwa wakwe zangu, ingawa nilizaliwa Munyaka. Mume wangu Kimeli alikuwa mwanariadha, alikimbia Italia miaka mingi, na alipoacha mbio alirudi na Ducati nyekundu, pikipiki ya mashindano, ambayo hakuipanda barabarani hata mara moja, alikuwa anaipakia kwenye pikapu na kuipeleka uwanja wa mbio karibu na Nairobi, anazunguka nayo, anairudisha, na mimi ndiye niliyemshikia taa akiifungua na kuifunga, ndiyo sababu naijua. Aliondoa taa na vioo vya pembeni, akaondoa stendi, akageuza mpangilio wa gia hivi kwamba ukikanyaga ukidhani unapunguza, unaongeza, akaweka tairi laini zisizo na maua, ambazo hufunikwa blanketi za umeme zipate joto kabla ya kugusa lami, kwa sababu zikiwa baridi zinateleza kama sabuni, na breki zake zinataka vidole viwili tu, ukizibana kwa nguvu unarushwa mbele. Haina kiti cha abiria.

Kimeli alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa damu, si kwa pikipiki, naomba hilo lieleweke. Jumamosi hiyo familia inafanya kumbukumbu yake, kaburi limejengwa, na ndugu yake mdogo Collins, mwenyekiti wa wanaboda wa steji yetu, ametangaza kwamba msafara utatoka Cheptiret hadi nyumbani, wenzake wote wakipiga honi, na yeye mbele juu ya pikipiki ya kaka yake, kwenye barabara kuu ya matrela. Tarehe 22 mwezi uliopita alikuja akaizunguka, akacheka.

“Shemeji, kumbe marehemu alikuwa mgumu wa pesa hivi? Tairi ni kipara kabisa! Nitaweka zingine, halafu nichomelee keria hapa nyuma, Mama akae.”

Nikamwambia hii si ya barabara.

“Pikipiki ni pikipiki. Nimebeba ndama, nimebeba sofa na mwenye sofa. Hii ndiyo itanishinda?”

Mama mkwe alifurahi sana aliposikia atabebwa, na mimi niliogopa, nikasema ufunguo umepotea. Ni uongo, ninao. Jumapili baada ya ibada mama mkwe akaniuliza mbele ya akina mama wenzake, “Mama Janice, ufunguo wa mtoto wangu umepotea aje kwa nyumba unayolala? Ama umeshafika Munyaka?” Wakacheka, na tangu siku hiyo hakuna anayekunywa chai kwangu. Collins amepata fundi wa kukata nyaya Alhamisi aiwashe bila ufunguo, na nimefikia kuwaza kumwaga sukari ndani ya tanki. Kuna jambo lingine, sijui kama lina maana, kwamba tangu tumzike sijaruhusu mtu yeyote aiwashe, hata aliyetaka kuingurumisha kidogo tu injini isikwame, kwa sababu nilikuwa nikiisikia nikiwa jikoni najua Kimeli yuko.

Niwape ufunguo nionekane mke mwema, ama ninyamaze nionekane mwizi?

Mama Janice, Kapseret

MAMA SELINE ANAJIBU

Mama Janice, pole sana. Kufiwa ni kugumu, na kushukiwa na watu ambao umefiwa pamoja nao ni kugumu zaidi.

Lakini nisikilize. Mimi hunijui, na umenieleza tairi, gia na breki mpaka nimeziona. Collins umemwambia nini? “Si ya barabara.” Basi. Mtu wa boda akiona tairi kipara anaona tairi iliyoisha, maana hiyo ndiyo maana yake kila siku kazini kwake. Hajakataa ukweli. Hujampa.

Badala yake ulidanganya. Maneno ya mama mkwe kuhusu kwenu yalikuwa mabaya, na siku moja atahitaji kukuomba msamaha. Hata hivyo, uongo wako ndio uliompa pa kusimama. Na sukari sahau kabisa. Ukiharibu mashine kisirisiri, kisha wakaipanda, utakuwa umewatega watu wawili.

Jambo ulilosema hujui kama lina maana, lina maana. Hata kama Collins angekuwa bingwa wa mbio, bado ungeficha ufunguo. Hatari ni kweli, na huzuni ni kweli, lakini usifiche moja nyuma ya nyingine.

Fanya hivi, na usingoje Alhamisi. Mkalishe Collins na mama yake. Weka ufunguo mezani useme, “Nilidanganya, nisameheni.” Usijitetee. Kisha mpeleke Collins kwa pikipiki asubuhi kukiwa na baridi, ashike tairi kwa kiganja. Apande ikiwa imesimamishwa, injini imezimwa, abadilishe gia kwa mguu wake mwenyewe. Mwambie injini ile hupoozwa na upepo wa mwendo wa kasi, na msafara wa kumbukumbu hutembea polepole. Itamchoma mapaja kabla hajaona geti. Mwisho waambie wote wawili kwamba bado huwezi kuusikia mngurumo wake. Hilo nalo hawajui.

Akishikilia msimamo baada ya hayo, chukua ufunguo wako na umwite mkubwa wa familia. “Ninao na sitautoa” si sawa na “umepotea.” La kwanza linaweza kusemwa mbele ya mtu yeyote.

Mama aletwe kwa gari. Collins aongoze kwa pikipiki yake ya kazi, ambayo anaijua, na umwombe akubebe wewe. Vaa helmeti. Ukitaka kulia, lia huko nyuma yake. Honi zitakuwa nyingi, hakuna atakayekusikia.