Walinzi Watatu wa Kompyuta ya Mwanaisha

Mdogo wangu Mize,

Marahaba! Najua hujaniamkia bado, lakini mie nshaitikia. Goti lako lakubali kupanda ngazi, au lingali likinuna? Mie huku Unguja, kwa mwanangu Mwanaisha hapa Michenzani, mzima, nanenepa tu.

Nasikia habari ya kompyuta ishafika Pemba kabla ya barua yangu, na wote wanaihadithia ovyo. Eti fundi kaiponesha! Fundi yupi? Aliyeiponesha ni kaka yako, nisiyejua hata kuiwasha.

Sikiliza. Ndani ya kompyuta ile mna kazi ya Mwanaisha ya chuo cha ualimu, miezi minne anaandika, na Jumatatu ilikuwa aipeleke. Sasa kwenye intaneti kuna vijasusi, vinaingia kimyakimya kuchungulia unachoandika. Akatia programu ya kuvikamata. Fundi akamtilia ya pili. Shoga yake akamletea ya tatu. Weye! Kompyuta ikagota. Bonyeza herufi, chemsha chai, inywe, ndo itokeze.

Fundi kaja, kakuna kichwa. "Dawa yake kuifuta yote."

"Na kazi yangu?" Mwanaisha machozi yanamlenga.

"Utaandika tena, dada."

Hapo likatokeza dirisha jekundu kwenye kioo cha kompyuta. Nikauliza, "Lasema nini hilo?"

"Baba, programu hii yasema ile nyengine ndo jasusi. Na ile yasema hii."

Nikacheka mpaka kofia ikaanguka! Nikamwambia fundi, "Toa mikono. Mie nimelinda mikarafuu weye hujazaliwa. Mwenye shamba alituajiri mie na Makame, kila mmoja bila ya kumwambia mwenzake. Tulipokutana, kila mmoja kaona mwizi. Nikamkamata, nikamfunga kamba mkarafuuni. Wezi wenyewe wakachukua karafuu, wakenda zao. Tulipopangiwa zamu, halikupotea hata konyo, kile kijiti cha karafuu. Basi na walinzi hawa watatu wa kompyuta, mmoja akeshe, wawili walale. Uwaamshe mmojammoja wapekue, kisha warudi kulala."

Fundi kafanya vivyo hivyo, kanuna. Kompyuta ikakimbia! Jumatatu Mwanaisha kapeleka kazi yake nzima, na sasa jumba zima laniita Mhandisi.

Nisalimie wanao wote, na jirani yako muuza mkate wa kumimina, mwambie bado namdai tabasamu. Na mumeo Makame msalimie sana, lakini barua hii usimsomee.

Au basi, msomee, maana atakwambia tu. Aliyefungwa mkarafuuni ni mie. Kamba ilikuwa yangu, ila mikono ya kufungia ilikuwa yake.

Ni mie kaka yako,
Mhandisi Hamadi