Mtutu wa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji kaleta bunduki ya marehemu baba yake niitazame. Kaifunga kwenye shuka la dada yangu, lile la maua! Bunduki imejaa kutu na mavi ya panya. Nilitoka nje kutema mate kabla ya kuigusa.

Uchafu gani huu? Mtutu umepakwa rangi nyeusi ya geti. Nikakwangua kwa kisu — chini yake gundi ya chuma, ile ya kuzibia matangi. Chini ya gundi, uvimbe. Mtutu umevimba karibu na chemba, pale risasi inapokaa, kama shavu la mwenye jino bovu. Nikauliza kulikoni. Anasema bila haya kwamba alikuwa anasokomeza tambara la samli ndani ya mtutu mpaka mwisho, eti kutu isiingie. Siku moja nguruwe pori wakavamia mahindi, akafyatua, tambara limo ndani! Anasimulia huku anacheka na kuchokonoa meno kwa waya wangu wa kusafishia. Nimeutupa ule waya.

Dada alikuja naye. Kavaa sweta kwenye jua la mchana. Anasema ana baridi.

Jumatano, 6 Machi

Nimeifungua. Ndani inanuka samli iliyochacha. Chai nimeimwaga.

Nimefanya kama ninavyofanya siku zote: nikaupaka mtutu mafuta ya taa, nikaufuta ukakauka, nikaupaka chaki. Kama ni mzima, chaki inabaki nyeupe. Haikubaki. Mstari mweusi ukajichora wenyewe, kutoka kwenye uvimbe kuelekea chemba. Ufa. Mafuta yalijificha humo, yakatoka.

Shemeji kapita jioni, nikamwonyesha. Eti huo mkwaruzo tu, mafundi tunapenda kutisha watu. Ila akaongeza kwamba neno langu ndilo la mwisho, nikisema inafaa ataanza kulinda shamba Jumamosi. Mdomo mpana, moyo wa kuku! Hataigusa mpaka mimi niseme.

Kapenga kamasi, kajifutia kwenye kitambaa changu cha kazi.

Alhamisi, 7 Machi

Dada kaja peke yake. Nikamtania kuhusu sweta. Hakucheka.

Kaangalia ule mstari kwenye chaki. Halafu akauliza taratibu, kama anayeuliza bei ya vitunguu: ikipasuka, inamuumiza nani? Nikasema anayeishika. Macho, uso, mkono, pengine roho. Akauliza, na aliyebaki nyumbani? Nikasema, aliyebaki nyumbani itamfikiaje?

Akapandisha mkono wa sweta.

Sitaandika nilichokiona. Kuna kipya na kuna cha zamani, kimoja juu ya kingine, mpaka kwenye kiwiko.

"Wewe mwambie tu inafaa," akasema.

Nikamwambia ahamie kwangu leo hii. Akasema, "Atanifuata. Na wewe utampa kiti, kama kawaida yako."

Kinyaa! Mtu huyu kanywa chai kwenye vikombe vyangu. Nimecheka vichekesho vyake. Nimemwita shemeji. Baada ya dada kuondoka nilivisugua vikombe vyote kwa mchanga, na bado naona havijatakata.

Ijumaa, 8 Machi

Sikufanya kazi. Bunduki imebanwa kwenye jiliwa, na chaki yake. Nikiitazama najisikia kutapika. Nikiacha kuitazama najiona nafikiria mambo, na hayo ndiyo yananitapisha zaidi. Mimi fundi! Sijawahi kumpa mtu silaha mbovu nikasema ni nzima.

Jumamosi, 9 Machi

Wameshafika. Nimewaambia wasubiri, naandika kitu. Shemeji anacheka — fundi gani huyu, anaandika kwanza ndipo aseme! Katema mate kizingitini kwangu. Ana risasi mfukoni, anazichezesha kama njugu.

Msumeno wa chuma uko ukutani, naufikia nikiwa nimekaa. Nikiukata huu mtutu vipande viwili, hakuna atakayelipukiwa. Atakasirika. Halafu watarudi nyumbani wote wawili, na hasira yake ataishushia wapi? Najua wapi. Nimeona.

Dada kasimama nyuma yake, sweta mpaka shingoni, jua lote hili.

Shemeji anauliza tena. Anapiga meza yangu kwa kiganja. "Fundi! Inafaa au haifai?"

Dada haitazami bunduki. Ananitazama mdomo.