Nilimchanjisha chale mjukuu wangu, sasa anafukuzwa mwalimu

Bi Mwanne, mwangaluka mayu. Hiyo ndiyo salamu yetu ya asubuhi, na mayu ni mama, hata ukiisoma jioni ipokee hivyo hivyo. Anayeandika hapa ni Uledi mwenye duka, mimi kalamu naijua kwa kuiona tu, lakini maneno ni yangu yote na nimemwambia asipunguze hata moja. Nisaidie mama, nimeharibu kitu na sijui kama kinatengenezeka, na jina langu usilitoe gazetini.

Kwanza ujue unaongea na nani. Mimi enzi zangu nilikuwa na mbio ambazo huku Ngulyati hazijatokea tena mpaka leo. Nyati alinikimbiza kutoka mtoni mpaka nyumbani, nikafika, nikanywa maji, nikakaa kigodani namsubiri, na alipofika alikuwa amechoka akageuka mwenyewe. Uledi anacheka, lakini baba yake alikuwepo. Sasa katika wajukuu wangu kumi na tisa, miguu hii ameirithi mmoja tu, Luhaga, mtoto wa binti yangu Kwandu, yuko kidato cha pili sekondari hapa Bariadi.

Huyu Luhaga si kama watoto wengine. Hakutazami machoni, ukimgusa ghafla anapiga kelele kama umemchoma moto, ngoma ikilia anaziba masikio anakwenda kujificha kwenye ghala la pamba, njia anapita ile ile, shati ni lile lile la bluu, na ukimwuliza "umekula?" anakujibu "umekula?" kwa sauti yako hasa, mpaka unageuka kujitafuta. Zamani tulikaa mbali mbali hakuna aliyejua, tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa nyumba zimepangwa mstari ndipo majirani wakaanza kunong'ona kwamba ana mizimu. Lakini hesabu! Ng'ombe wapite mbele yake vumbi limetanda, atakwambia wamepungua wawili na rangi zao atakutajia. Kila jioni tulikuwa tunarudisha ng'ombe pamoja, mimi mbele, yeye nyuma hatua kumi, hatuongei. Mimi, mayu, mtu nisiyenyamaza hata nikiwa na ugali mdomoni, pale nilikuwa nanyamaza, tena naona raha.

Shuleni alikuwa anakaa peke yake mpaka alipokuja Mwalimu Januarius wa michezo, akamwona anazunguka uwanja saa za mapumziko, akashika saa yake, kila mzunguko dakika moja na sekunde ishirini, wa kwanza na wa kumi sawasawa. Akamtia kwenye timu ya mbio ndefu. Filimbi ilikuwa inamtisha, mwalimu akaiacha, akawa anapunga leso nyekundu. Ikabaki shida ya kumaliza, maana akifika mwisho hasimami, anaendelea tu kuzunguka, watu wanacheka, na kumshika huwezi. Basi kapteni wao Machibya akasema, "Jamani, tukae chini wote." Wakakaa kwenye nyasi pale mwisho, vijana wanane, kimya. Luhaga akafika, akawaona, akasimama, akakaa na yeye. Tangu siku hiyo wakawa wanafanya hivyo. Wakampa jina la Saa. "Saa, umekula?" "Umekula?" Wanacheka, na yeye anacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona mtoto huyu amekaa na watu.

Sasa ubaya wangu. Mwezi wa sita walishindana na timu ya Maswa, Luhaga akaongoza mizunguko yote, ule wa mwisho kijana wao mmoja wa Shishiyu akachomoka akampita, na Luhaga hakuongeza hata kidogo, akaja na mwendo wake. Wa pili. Wenzake walifurahi kweli, lakini mimi kilabuni nilikuwa nimeshatamba kwamba damu yangu haipitwi, na jioni ile Mzee Shida akaniuliza mbele ya watu, "Hebu tukumbushe, yule nyati wako alikuwa na miguu mingapi?" Kilabu kizima kikaangua kicheko. Mimi natania watu miaka yote, kutaniwa nikashindwa.

Kwetu mcheza ngoma haingii uwanjani kushindana bila kutengenezwa na mganga, ndivyo tulivyofanya sisi na baba zetu. Nikasema mbio nazo ni hivyo hivyo, huyu anakosa dawa ya kumalizia. Nikampeleka, mama yake sikumwambia. Walimshika wanaume wanne, mganga akamchanja chale miguu yote miwili akasugua dawa. Mtoto ambaye hata bega humgusi. Alilia mpaka sauti ikamwisha. Na mimi nimesimama mlangoni nasema, "Mshikeni vizuri, atazoea. Mshikeni vizuri, atazoea."

Tangu siku hiyo uwanjani hakanyagi, na shule ameacha. Nikiingia nyumbani anatoka. Na kutwa nzima anasema, "Mshikeni vizuri, atazoea," kwa sauti yangu, mayu, kwa sauti yangu kabisa.

Kwandu alipoona vidonda akaniuliza, "Baba, nani kamkata mwanangu?" Nikasema mwalimu. Mdomo huu umezoea kutunga, ulitunga kabla sijaufikia. Nikasema ni mambo yao ya michezo huko shuleni, mwalimu ndiye kamchanja. Kwandu akaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, balozi akaenda kwa mwenyekiti, mwenyekiti kwa mkuu wa shule. Mwalimu Januarius ameondolewa kwenye timu, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu kuna kikao cha kumfukuza. Yeye alisema tu, "Muulizeni mtoto." Wakamwuliza. Mtoto akawaambia, "Mshikeni vizuri, atazoea." Wakaandika kwamba hayo ni maneno ya mwalimu. Lakini nyumbani Kwandu akimsikia ananitazama mimi, halafu anatazama chini.

Hapa Uledi ameweka kalamu.

"Mzee, kumbe ni wewe?"

"Andika."

"Mimi nimetia sahihi karatasi ya kumkataa yule mwalimu!"

"Andika, nimekwambia."

Anaandika, lakini hacheki tena.

Ng'ombe sasa narudisha peke yangu. Nikigeuka nyuma, hatua kumi, hakuna mtu. Usiku silali, na kilabuni sina cha kuhadithia. Nifanyeje mwalimu apone, mtoto arudi kwenye timu yake, arudi na kwangu, na mimi nisiaibike mbele ya kijiji?

Ni mimi, mwenye mbio, Ngulyati.

BI MWANNE ANAJIBU:

Shikamoo, baba. Nimeanza na heshima ya umri wako kwa sababu huko mbele nitakukaripia.

Umeniomba nifiche jina lako, nimelifuta. Lakini duka la Uledi umelitaja, kikao umekitaja, na yule nyati wako naye yumo. Huko kwenu nani atasoma mistari mitano asikujue? Jina la mwalimu nimeliacha makusudi, maana ndilo linalohitaji kusafishwa hadharani kama lilivyochafuliwa. Gazeti hili litafika Bariadi siku mbili kabla ya kikao. Kwa hiyo Uledi akimaliza kukusomea, inuka, usingoje wanunuzi wengine wa gazeti wasome.

Nenda kwanza kwa Kwandu. Anajua, baba. Mtoto amekuwa akimwambia kila siku kwa sauti yako, na yeye anashindwa kumwita baba yake mwongo. Mwondolee mzigo huo leo. Vidonda kama havijakauka, mpelekeni zahanati, na Kwandu ndiye amshike mkono, wewe baki nje.

Jumamosi nenda kwenye kikao ukaseme hivi: "Nilimpeleka mimi kwa mganga. Mwalimu hakuwepo. Nilidanganya." Halafu kaa. Usilete habari za baba zako, usichekeshe watu. Uledi naye aende akafute sahihi yake. Usipokwenda, mtu atapoteza kazi kwa sababu alimwona mjukuu wako wakati wewe uliona miguu yako tu.

Unasema usiaibike. Utaaibika, na Mzee Shida atakucheka mpaka mavuno yajayo. Mvumilie. Mtoto wa watu alishikwa na wanaume wanne kwa sababu wewe ulichekwa jioni moja.

Hebu nikuulize. Vijana wale, nao ni watoto, walipoona Luhaga hasimami, walimkimbilia wakamkamata? Walikaa chini wenyewe. Mwalimu alipoona filimbi inamtisha, alimzoesha filimbi? Aliiacha. Wewe mzee wa wajukuu kumi na tisa ukatafuta dawa ya mwendo wake, mwendo ule ule uliompa jina na wenzake. Hakuwa mgonjwa wa kitu chochote pale uwanjani.

Kuhusu kurudi kwenye timu: akisharudishwa mwalimu, mwombe yeye na Machibya waje nyumbani, siku ile ile, saa ile ile, na ile leso nyekundu. Wasimwite, wasimvute. Wakae uani. Akitoka, atoke. Asipotoka, waje tena wiki ijayo. Neno "mashindano" lisitajwe na mtu.

Kuhusu kurudi kwako, sitakudanganya, uongo unao wa kutosha. Huenda asirudi. Mtoto anayehesabu ng'ombe kwenye vumbi hatasahau ni nani alikuwa amesimama mlangoni, na hakuna maneno utakayompa asiyaone ni yale yale. Msamaha usimwombe kwa mdomo. Mdomo wako ndio anaoukimbia.

Fanya hivi. Jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, nenda kwenye ile njia yake, kando, mahali atakapokuona kutoka mbali. Kaa chini kwenye nyasi. Usimwite jina, usinyooshe mkono, usikohoe ili ageuke. Akipita bila kukutazama, mwache apite, usimfuate, na usimhadithie mtu kwamba leo alikaribia.

Kesho yake kaa tena.