Ngawa Mbele ya Madiwani

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

"Wanyama wangu wana afya kuliko mdogo wangu anayeandika magazetini." Hayo uliyasema jana redioni, kwa sauti yako ile ya kuitia wateja, na mtangazaji akacheka mpaka akasahau swali lake la pili. Basi shikamoo. Nimetanguliza ugomvi kabla ya salamu kwa sababu wewe ndiye uliyeanza. Shemeji hajambo? Goti lake limepoa? Sisi huku wazima, ila wifi yako tangu jana ananiita Mgonjwa.

Sasa nikujibu. Afya ya mnyama haipimwi kwa macho. Ngawa anaweza kubeba kirusi mwilini na asikohoe hata mara moja, kama abiria aliyepewa mzigo wa mwenzake asijue umefungwa nini. Porini anabaki nao. Wewe umemleta sokoni, umemweka juu ya kizimba cha nungunungu, nungunungu juu ya panya buku, panya buku juu ya kuku wa jirani yako, na uchafu wa aliye juu ndio mvua ya aliye chini. Wanyama hao wasingekutana maishani. Wewe ndiye mshenga wao. Halafu kuna lile la kupuliza. Mteja akisita, unamshika ngawa na kumpulizia puani apige chafya, mteja aone yuko hai. Pua kwa pua, siku nzima. Kuna maradhi yaliyoua watu yaliyoingia kwa mlango mdogo kuliko huo.

Madiwani wanakaa mwezi huu kuamua kama biashara ya wanyamapori ipigwe marufuku sokoni. Nitaandika kila wiki mpaka waifunge. Wewe ni mwenyekiti wa wauzaji. Nakuomba uwe wa kwanza kutoka.

Mdogo wako

11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Goti la shemeji yako linauma akiona jembe tu, akiona sahani linapona. Mwambie wifi yangu jina alilokupa nimelipenda, nimewafundisha na wenzangu.

Safu yako nimeisoma. Umeandika vizuri, kama mtu aliyeshiba. Mbuzi hana maradhi? Ng'ombe hana? Mbona hao hujawaandikia? Au kwa sababu wanaouza ng'ombe ni wanaume wenye magari?

Shati jeupe ulilovaa siku ya mahafali yako lilitoka kizimbani. Shahada yako ina harufu ya nungunungu, ndugu yangu, hebu inuse. Mstari wetu wa vizimba ni wa wanawake watupu, na kila mmoja ana sufuria inayomngoja nyumbani. Nitakwenda barazani kuwatetea, na nitakwenda na ngawa wangu, waheshimiwa wamwone alivyonona.

Mkifanikiwa kutufunga, usije ukanipigia hodi. Nakwambia kwa upendo.

Dada yako

13 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini hasira imeiacha familia salama. Shati nalikumbuka, na ndiyo maana siwezi kunyamaza: mikono iliyolinunua naitaka iwe na uhai.

Mbuzi ana daktari, ana chanjo, na ana mwenyewe anayejua alizaliwa zizi gani. Ngawa wako umemnunua kwenye gunia, kwa mtu asiyetaja jina wala pori. Hiyo ndiyo tofauti, na wenye magari nao wakivunja kanuni nitawaandika, niletee majina.

Gazeti linanituma safari, kikao kitanipita. Tetea unavyotaka. Ngawa mwache nyumbani.

Mdogo wako

27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Kaa kitako kwanza. Na wifi aketi.

Ngawa nilikwenda naye. Ukumbi ulijaa, madiwani mstari wa mbele, wengi wao wa upande wetu kabisa, nilishawazungukia mmoja mmoja. Nikasema maneno mazuri, hata wewe ungeyaiba. Kisha mwenyekiti wa kikao akavaa miwani, akainama juu ya kikapu cha ngawa: "Mama, mbona kama amezubaa?" Mdogo wangu, mkono haukuniuliza. Nimefanya kazi hii tangu hujaota ndevu. Nikamtoa, nikampulizia.

Akapiga chafya. Si moja. Miwani ya mwenyekiti ikawa kama kioo cha gari wakati wa mvua. Yule mnene aliyeniahidi kura alipanda juu ya meza, sijui kwa miguu ipi. Mimi nikasema kuwatuliza: "Ni chafya tu, waheshimiwa, mimi hunipigia usoni kila siku."

Daktari wa afya ya jamii, mama mmoja mpole, akauliza taratibu, "Kila siku?" Hapo ndipo nilipokisikia nilichosema. Nikawageukia wenzangu, nikawaona wote wanajipangusa midomo.

Marufuku imepita bila hata mmoja kupinga. Daktari ametuchukua damu, mstari mzima. Tunangoja majibu. Cheka ukimaliza kumwomba Mungu.

Dada yako

2 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha wifi yako akauliza majibu lini, na hakuna aliyecheka tena. Safu ya wiki hii sijaiandika. Nieleze yakitoka, hata kwa neno moja.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Neno lenyewe: safi. Damu yangu na ya wenzangu wote. Tuliimba uani kwa daktari mpaka muuguzi akatutoa nje, na shemeji yako akacheza, na goti lake hilo hilo. Wanyama wamechukuliwa na watu wa idara, wakikaguliwa watarudishwa porini. Njoo Jumapili, hodi nimeifungulia.

Lakini nina kazi kwako. Tumegeukia vitunguu, na askari wa soko anatufukuza kila tukitandika turubai. Wawili kati yetu wameanza kuuza wanyama tena, nyuma ya gereji. Sikuwakaripia, niliwanunulia chai. Kwa hiyo safu yako wiki hii ni yangu. Chapa haya, usiguse hata nukta:

Madiwani wetu, marufuku yenu ni ya haki, nami naitetea kwa mdomo uleule niliotaka kuipinga nao. Ila mwanamke mwenye watoto hapiki marufuku. Vibanda vitupu vya upande wa mboga vina kufuli, na funguo ziko kwenye droo yenu. Kila siku mnayochelewa, kuna gunia jingine linaingia mjini kwa njia ya gereji. Jumatatu asubuhi tutakuwa mlangoni na vitunguu vyetu. Njooni na funguo.

Dada yako